Siku Baba Alipokubali Kwamba Ameifunga Mvua

Utemi ulifutwa kabla sijazaliwa, lakini kwetu Bahi ni kama hakuna aliyewaambia watu. Baba yangu ni mjukuu wa mtemi wa mwisho. Hana cheo wala mshahara. Ana kigoda cha babu yake na jiwe la mvua, ambalo mama huzuia nalo mlango wa banda la kuku. Mvua ikinyesha, watu humletea mtama. Isiponyesha, humwangalia vibaya.

Mwaka huo haikunyesha kabisa. Mpunga uliungua ukiwa bado kitaluni. Mama akanipigia simu ofisini, mjini Dodoma, akinong'ona: watu wanasema watamtoa baba nyumbani kwa fimbo. Nilipanda gari la kwanza.

Nilimkuta amekaa barazani. Shikamoo yenyewe sikuimaliza vizuri.

"Baba, wakija waambie ukweli. Wewe ni mzee tu kama wazee wengine, mvua huijui."

"Nikisema hivyo nabaki nani?" akaniuliza. Nilitamani kumtikisa.

Walikuja alasiri, wanaume kwa wanawake, na fimbo zao za kuchungia. Majirani hawahawa ambao nimekula kwao tangu utotoni! Aliyetangulia hakusalimia.

"Mtemi, mvua yetu umeiweka wapi?"

Baba akasimama na kandambili zake. "Nimeifunga," akasema. "Mnagombea mipaka ya majaruba ya mpunga mpaka mnatoana damu. Niwanyeshee ninyi?"

Niling'ang'ania mwimo wa mlango. Nilijua sasa wanamuua. Lakini yule wa mbele akashusha fimbo, akaanza kubembeleza: watapatana, wataleta kondoo mweusi. Mama mmoja akapiga magoti. Mzee asiye na kitu wangempiga bila wasiwasi, ila aliyeishika mvua nani angethubutu kumgusa? Waliaga kwa heshima, mmoja mmoja, mimi bado nimeushikilia ule mwimo.

Walipokwisha kuondoka baba aliketi, akajifuta jasho.

"Hiyo simu yako inasema itanyesha lini?"

Nikatazama. Jua wiki nzima, na wiki inayofuata pia. Nilipoinua macho, alikuwa ananiangalia kama mgonjwa anavyomwangalia daktari.

"Hamna mtandao, baba," nikamwambia.

Nikaingia ndani, nikaanza kupanga nguo zake kwenye begi. Hakunizuia.