Embe Mbele ya Mkwe

Bilonda alikuwa anakata maembe kwa hasira, na maembe hayakuwa yamemkosea. Alikaa barazani kwake Kolwezi, beseni katikati ya miguu: anamenya, anakata shavu la huku na la huku, anatoa vipande vyembamba, anapaka chumvi, anaanika juu ya bati. Hicho ndicho chakula cha safari. Mwaka ule Wakasai, watu wa kwao Bilonda, walikuwa wanafukuzwa mkoa wa Katanga, na jirani uliyezoea kumpa chumvi alikuita kidudu mchana kweupe, bila haya. Mumewe Tshibangu alishatangulia steshoni kushika nafasi, maana treni yenyewe haikujulikana itakuja lini.

Kilichomkaa rohoni ni kimoja tu: binti yake Ngalula, mwenye mimba kubwa, aliyekuja kumsaidia kufunga mizigo. Mume wa Ngalula, Kalumba, alikuwa mwenyeji wa Katanga. Akisimama akasema huyu ni mke wangu, Ngalula atabaki, atajifungulia kitandani kwake na si kwenye kokoto za reli. Aliahidi kuja kumchukua baada ya misa.

"Atakuja," alisema Ngalula.

Bilonda akachukua embe jingine, akalimenya. Kalumba! Mwanamume anayeogopa hata kuku wa mama yake! Lakini siku hiyo alimwombea kwa Mungu.

Akaja kweli. Bilonda alipomwona langoni alifunika beseni haraka kwa kitenge, akapangusa mdomo. Kwao mama hali mbele ya mume wa binti yake, na mkwe hali mbele ya mama. Tangu mahari ipokelewe hawakuwahi kuonana wakitafuna. Kisha akaona alichoshika mkononi: valizi ya Ngalula, lile sanduku lake la nguo, imejaa.

"Mama, hakuna namna," Kalumba akaanza, macho chini. "Batu ba kwetu banasema kama nabakia naye, batachoma nyumba. Ni kwa muda kidogo tu. Bintu byake byote biko mule, nilibikunja mi mwenyewe muzuri. Njo heshima, mama."

Eti heshima! Mwanamume mzima amekaa chini, amekunja nguo za mke wake mjamzito, amefunga mkanda, na sasa anasubiri asifiwe! Bilonda alimtazama kuanzia viatu vyake vya misa vilivyong'arishwa hadi utosini. Hakumtukana. Alifunua beseni, akachagua embe lililoiva kuliko yote, akalikata shavu, akauma. Akatafuna taratibu. Maji yakamtiririka hadi kiwikoni, akayalamba.

Kalumba akaruka nyuma, akajifunika uso. "Mama! Unakula mbele yangu?"

"Mbele ya nani?" Bilonda akajibu, mdomo umejaa. "Mi sioni mukwe hapa. Naona mutu wa kubeba mizigo. Na wewe kula basi, usiogope."

Akamsogezea beseni. Kalumba hakuligusa. Alimgeukia mkewe.

"Ngalula, ambia mama aache. Na mutoto je? Ule mutoto ni wangu."

Ngalula akainuka kwa shida, akampokonya valizi.

"Siku akiuliza baba yake alikuwa mutu wa namna gani," alisema, "nitamuambia alijua kukunja nguo."