Pikapu Isiyoijua Baridi

Baba alikuwa na adui mmoja duniani, naye ni mvua ya Njombe. Ilikuwa imemlia mabati, majembe, bawaba za lango na baiskeli aliyoinunua ujanani. Kijijini kwetu Yakobi ukisahau chuma nje msimu mmoja, unakikuta kimekuwa rangi ya udongo. Kwa hiyo ilipofika ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, na magari ya mitumba yakaanza kupanda kutoka pwani kama zilivyopanda nguo, baba aliamua kununua pikapu ya kubebea viazi. Aliamua vilevile kwamba atanunua ile tu ambayo haijaonja mvua yetu.

Fedha ya gari ingetokana na kumuuza ng'ombe wa mama. Alikuwa ng'ombe wa maziwa, mweusi mwenye baka jeupe, ndiye aliyetusomesha, na kila asubuhi mama alimsemesha Kibena kwa upole ambao sisi watoto wake hatukuupata. Mama hakukataa. Alisema tu kwamba atakwenda mwenyewe Makambako, magari yalikouzwa, akaone ng'ombe wake anageuka kuwa kitu gani.

Tukaenda watatu: baba kavaa koti la kanisani, mama kavaa sweta na khanga mbili, mimi nina bisibisi mfukoni. Ya bisibisi nilishauriwa na dereva mmoja wa malori ya mbao. Alisema gari kuukuu halitazamwi usoni. Mtu anaingia chini, anagonga, anachokoa. Baba aliona ni utovu wa adabu kwenda kwa watu na silaha.

Mwenye gari alikuwa mfanyabiashara kutoka Tanga, mtu wa kofia ya darizi na sauti ya taratibu, na alikuwa amejifunza kusema "kamwene", salamu ya kwetu, vizuri kuliko vijana wetu. Walisalimiana na baba mpaka nikachoka kwa niaba yao. Kisha baba akauliza alichokuja nacho: gari limekaa wapi, na limenyeshewa kiasi gani?

"Tanga, mzee wangu. Nyumba inatazamana na bahari. Mvua ya huku halijaiona, wala baridi hailijui."

Nilimwona baba akijizuia kutabasamu. Tanga ni joto. Kichwani mwake, na kusema kweli hata kichwani mwangu, kitu kinachoota jua mwaka mzima hakiwezi kushika kutu. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba bahari inakula chuma. Nyumbani kwetu chumvi ilikuwa kitu cha kutia kwenye maharage.

Baba akaizunguka pikapu, akainama, akachungulia chini. Kote kulikuwa kumepakwa rangi nyeusi, mpya, inayong'aa. Aliguswa. Alikuwa mzee wa kanisa, na aliniambia kwamba mtu anayepaka rangi hata mahali pasipoonekana ni mtu mwenye hofu ya Mungu. Mfanyabiashara alikuwa akitazama viatu vyake.

Mama akapanda mbele kujaribu kiti. Mimi nikatandika gunia, nikaingia chini, nikaanza kugonga kwa mpini wa bisibisi. Pembeni palilia vizuri. Katikati pakatoa mlio wa boga bovu. Nikaigeuza bisibisi, nikasukuma kidogo tu, ikaingia yote mpaka kwenye mpini, na magamba ya rangi yakanidondokea machoni.

Juu yangu mama akasema, kwa sauti ya kumwita mtu chakulani, "Mwanangu, bisibisi yako iko huku kwangu. Imepita karibu na kidole cha mguu."

Nilipotoka, baba alikuwa ameinua zulia la miguuni. Sakafu chini yake ilikuwa rangi moja na bawaba za lango letu la Yakobi. Akaichokoa kwa kidole, kidole kikapita. Akamuuliza yule bwana, kwa upole kabisa, imekuwaje, wakati mvua halijaiona.

"Mzee wangu, umeniuliza mvua, nikakujibu mvua. Hiyo ni chumvi ya bahari. Hata nondo za nyumba zetu inazila."

Hakuona aibu, wala hakuwa mjeuri. Akaagiza chai. Baba aliinywa amesimama, mkono mmoja juu ya boneti, na hapo ndipo nilipomhurumia hasa. Miaka nenda rudi viazi vyake vililala kando ya barabara vikingoja lori la mtu, vikiota, na mwenye lori akifika alimwita "wewe mzee" bila kushuka. Safari hii alikuwa ameshafyeka majani nyumbani, apate pa kuegesha gari lake.

Nilidhani mama atafurahi, maana ng'ombe amepona. Alishuka, akakung'uta vumbi la kutu kwenye khanga, akamtazama baba na ule mkono wake juu ya boneti. Kisha akamgeukia mfanyabiashara.

"Likija lingine, ambalo halikukaa baharini, mtuite," alisema. "Ng'ombe yupo."

Baba akasema chai ile ina tangawizi nyingi mno, akaanza kutafuta leso ya kufutia macho.