Kitabu cha Ubatizo Nilichokifuta

Nilikuwa nimefanya kazi miaka minne katika ofisi ya kumbukumbu za kanisa hapa Kamina siku mama mmoja alipokuja na mume wake, mzee aliyestaafu kazi ya reli. Walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka thelathini na kupata wajukuu, ila hawakuwa wamefunga ndoa kanisani. Sasa walitaka. Padri alimwomba mama cheti cha ubatizo, lakini alibatizwa katika misheni ndogo upande wa Malemba-Nkulu, na kitabu chake kiliungua pamoja na nyumba ya mapadri wakati wanamgambo walipopita.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Kabla ya moto tulikuwa tumepiga picha kurasa zote na kuziweka katika ordinatere, yaani kompyuta yetu. Nikafungua kumtafutia. Faili la misheni ile halikuwepo.

Nilijua mara moja. Miezi miwili nyuma nilikuwa nikipanga mafaili, nikakuta mawili yenye majina yanayofanana, nikadhani moja ni nakala ya lingine, nikalifuta bila kumwuliza mtu.

Ningeweza kusema mashine imeharibika. Mzee alikuwa ameshaanza kuinuka, kama mtu aliyezoea kuambiwa arudi kesho. Mama aliniangalia tu, mfuko wake magotini, nami nikashindwa kudanganya.

"Mama, ni minyi njo nilifuta," nikasema, nikikiri kwamba ni mimi.

Mama akajibu: "Kama ni weye njo ulifuta, ni weye njo utatafuta. Siye tutangoja."

Wakabaki kwenye benchi.

Programu yetu haipotezi kitu kabisa. Kila badiliko huandikwa, na hali ya zamani hutunzwa. Nilifundishwa hivyo, lakini sikuwahi kujaribu. Nikarudi nyuma katika orodha ya mabadiliko hadi siku ile, nikaona jina langu mwenyewe kando ya neno la kufuta. Nikachagua ukurasa mmoja na kuagiza urudishwe. Ikakataa. Nikajaribu mwingine, ikakataa tena. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ukurasa haukuwa na mahali pa kurudi, maana faili lililoubeba nalo lilikuwa limefutwa. Nikarudisha faili kwanza. Likaja tupu. Kisha nikarudisha kitabu kilichokuwa ndani yake, na kurasa zikafuata moja moja.

Mama hakujua kusoma, kwa hiyo nilimsomea: jina lake, la baba yake, la mama yake. La mama yake aliniomba nilisome mara ya pili, akalirudia polepole. Hakuwa na karatasi nyingine yoyote iliyolibeba.

Nilipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa, mzee akahesabu kwa vidole.

"Kumbe weye njo mukubwa," akamwambia mkewe. "Miaka yote hii ulipaswa kuwa yaya yangu, dada yangu mukubwa."

Mama akacheka hadi akaficha uso kwa kitambaa, kana kwamba amefumaniwa na siri ya usichana wake.

Walipoondoka na cheti, nilikwenda kumweleza padri yote. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama siku ile ya kupanga mafaili nilifuta kitu kingine. Nilikuwa nimefuta mafaili mengine matatu. Kesho yake asubuhi akaja kukaa pembeni yangu, tukayarudisha na kuyasoma ukurasa kwa ukurasa, mpaka kengele ya saa sita.