Shauri Limeondolewa

Siku hizi nikisikia mtu anasema "kwa mujibu wa", mabega yanaanza kuniuma. Ni uchovu tu. Tangu baba mdogo ampeleke mama kwenye baraza la ardhi, akidai shamba la Butiama ambalo mama alilima na marehemu baba, mimi ndiye ninayetoka Manyamanyama na kibegi changu, nikutane na mama Musoma, nimfafanulie yanayosemwa. Ndugu zangu walikubaliana kwamba mimi ndiye niliyesoma. Nilisoma ushonaji.

Nilimuuliza wakili wetu maana ya kila neno, mpaka akawa akiniona tu anatafuta simu yake. Nikajua kwamba "mjibu maombi" ni yule anayedaiwa. Mama alipoambiwa ndiye yeye, alikasirika kweli.

"Mimi nimejibu nini? Mbona hawaniulizagi kitu?"

"Zuio" alilielewa upesi: asilime mpaka shauri liishe. Akatii. Misimu ikapita, shamba likajaa magugu, na mama akawa ananunua unga dukani. Aibu ile ilimkondesha. Mimi nilikuwa namwonea uchungu, na papo hapo nimemchoka, yeye na kesi yake.

Hatimaye mwenyekiti wa baraza alikubali pingamizi la wakili wetu, kwamba baba mdogo alidai mali ya marehemu bila kuteuliwa kwanza kuwa msimamizi wa mirathi. Akasema shauri limeondolewa. Mama akapiga vigelegele pale pale kwenye korido, nami nikacheka kwa mara ya kwanza tangu tuanze safari hizo. Baba mdogo akapita, akatusalimia vizuri tu. Hata hakununa.

Nikaingiwa na wasiwasi, nikamfuata wakili nje. Alinieleza kwa upole. Shauri likisikilizwa likatupiliwa mbali, limekufa, labda mtu akate rufaa. Likiondolewa, mwenye nalo anarekebisha kasoro yake, kisha analileta upya.

Sikumwambia mama siku ile. Nilishindwa. Nililala kwake, na kesho yake asubuhi nilimkuta shambani, jirani ameshaanza kulima kwa ng'ombe, na yeye amekumbatia pingili za mihogo tayari kwa kupanda. Alikuwa anaimba. Nikaona nikiendelea kunyamaza nitakuwa namdhulumu.

"Mama, baba mdogo anaweza kurudi barazani."

"Si wamesema imeondolewa?"

"Ndiyo. Ikiondolewa anaruhusiwa kuileta tena."

Alisimama, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeitunga hiyo sheria.

"Wale watu hawanaga neno la kusema imekwisha?"

"Wanalo, mama. Jana hawakulisema."

Jirani alisimamisha ng'ombe, akangoja. Mama akaziweka zile pingili chini, moja moja, pembeni mwa shamba.

"Muhogo unachelewaga kukomaa," akasema. "Nenda kalete maharage."