Bibi wa Mchanga

Mkufunzi wetu wa zimamoto ana vidole vinene kama michi, lakini humfunga Bibi vifungo vya shati taratibu, kama anayemvisha mtoto wa shule. Bibi ni sanamu la turubai lililojazwa mchanga. Kila anayeomba kazi lazima amteremshe kutoka juu ya mnara wa mazoezi. Wenye pupa humburuta, kichwa kikigonga kila ngazi. "Huyo ni mama wa mtu!" mkufunzi hufoka, kisha humpangusa Bibi vumbi usoni. Leo msichana mmoja alishuka wa mwisho kabisa, akihema, kiganja chake kimekinga kisogo cha Bibi. "Pole, bibi, tumefika," alimnong'oneza. Mkufunzi alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Huyu mtafutieni buti."