Nguo ya Kilindini Katika Kituo cha Majani

Aibu yangu hii ni ya mtu mzima, kwa hivyo nitaisema polepole, na nikipotea njiani mniache nipotee, nitarudi.

Baba yangu alikuwa mtu wa kwanza kwa mlima wetu kuvaa gambuti. Alizinunua Kisii mjini, saizi ndogo, kwa sababu kubwa zilikuwa zimeisha na yeye hakutaka kurudi mikono mitupu, akazivaa palepale dukani, akatembea nazo hadi nyumbani, na jioni zikakataa kutoka. Mama alivuta, kaka zangu walivuta, mtu mmoja akasema tulete ndume avute (hilo halikufanyika, ijapokuwa watu wanalisimulia kama lilifanyika), mwishowe baba akalala nazo, na asubuhi miguu ilikuwa imenywea, zikatoka zenyewe. Jirani aliyecheka mpaka akaketi kwa matope alikuwa na mtoto anaitwa Omwenga. Huyo Omwenga tulichunga naye, tukatahiriwa mwaka mmoja, na tukazeekea pamoja kwenye benchi ya kituo cha majani chai hapa Gesima.

Benchi hiyo ndiyo ilikuwa mali yangu. Shule niliiacha darasa la pili, lakini pale, watu wakishashusha majani yao na kungojea karani afungue mizani, mimi ndiye nilikuwa nasimulia, na hata akina mama waliokuwa na haraka walikuwa wanasema, "Ngojeeni kwanza omogaka amalize." Mzee kama mimi akiondolewa hapo anabaki na nini? Kuku na redio.

Sasa binti yangu Kemunto aliolewa na kijana wa Visiwa vya Ngazija, anaitwa Saidi, mtu mpole, Kiswahili chake kimenyooka mpaka chetu kinaona haya. Kazi yake ni kutafuta mafuta ya petroli chini ya bahari. Alikuja kutusalimu kabla ya kwenda kupanda meli kwa mara ya kwanza, mkataba wa kwanza wa maisha yake, na akanieleza hiyo kazi akiwa ameketi mbali nami kidogo, kwa heshima. Alisema visiwa vya kwao vilitoka baharini kama jipu, moto wa chini ukasukuma mawe juu. Lakini kabla ya moto huo, mito ya huku bara ilikuwa inapeleka matope huko kwa miaka isiyohesabika, na matope hayo bado yamelala kilindini, chini ya mawe. Yakipata joto la kadiri yanaiva, yanakuwa mafuta. Yakizidishiwa yanaungua, basi. Hakuna anayejua kama yaliiva au yaliungua. Kwa hiyo meli inapiga kishindo cha hewa majini, kishindo kinashuka, kinagonga huko chini, kinarudi, nao wanasikiliza.

Nililipenda jambo hilo. Kesho yake nikalipeleka benchi.

"Wacha," Omwenga akasema. "Mlima wa moto, na pembeni mafuta ya petroli? Si hiyo bahari ingekuwa imeshalipuka, tule samaki wa kuchoma bure?"

Watu wakacheka. Nikamwambia mafuta yako chini sana.

"Chini sana nani ameenda? Wewe mkwe wako anaosha sufuria kwa meli, na binti yako anamfichia. Sisi hatukatai. Sufuria pia ni kazi."

Hapo ningenyamaza. Lakini alikuwa amemtaja binti yangu mbele ya watu, na asubuhi hiyo nilikuwa nimeona kwa kamba ya nguo, nyuma ya nyumba, kitu Saidi alichotoka nacho Mombasa kwenye mafunzo: nguo nzima ya mpira mzito, rangi ya chungwa, viatu vyake humohumo, glavu humohumo, kofia humohumo. Mimi nikajua (nilijua vipi, sijui) kwamba hiyo ndiyo wanavaa kushukia kilindini. Nikamwambia Omwenga, "Usiondoke. Naleta ushahidi."

Nyinyi msio watu wa kwetu niwaeleze jambo moja. Sisi tuna chinsoni, yaani haya kati ya mtu na mkwewe. Mkwe hakai kitanda chako, hakutanii, na wewe huingii anapolala, na juu ya yote hampaswi kuonana utupu. Ikitokea, si mchezo, wazee wanaitwa. Kwa hiyo kuvaa nguo yake nilijua si vizuri. Nikajiambia nguo ya kazi si nguo, ni kifaa, ni kama jembe. Na kuibeba mkononi nikaona Omwenga atasema ni turubai.

Nikaingia nayo kwa zizi la ndama. Suruali ikakataa kuingia mle ndani, nikaivua, nikavua na sweta, nikabaki na fulana na ile kaptula ya ndani ambayo mke wangu alikuwa ameshaitafutia kazi ya kupigia deki. Nikavuta zipu mpaka kidevuni. Ndama akanitazama, akageukia nyasi zake.

Kutoka kwetu hadi kituoni ni kuteremka katikati ya majani chai, na viatu vile vilikuwa vinapiga pwa, pwa, kama bata mkubwa. Mama mmoja aliyekuwa anachuma akaacha kikapu akakimbia akimwita Yesu. Nikamwita nyuma, "Ni mimi, mama, ni mimi!" na sauti kutoka kwa ile kofia ikamwongezea mbio.

Nilipofika, kituo chote kilisimama. Omwenga akanizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Hii ndiyo ya kushuka chini?"

"Ndiyo hii."

"Na huko chini unapumulia wapi?"

Nikaangalia kifuani. Hakukuwa na mpira wa hewa wala tundu. (Baadaye niliambiwa hiyo ni nguo ya kuelea meli ikizama, kuzuia baridi. Ya kukaa juu, si ya kushuka. Hakuna mtu anayeshuka, wanasikiliza tu, na mimi nilikuwa nimeambiwa.) Vicheko vikaanza nyuma, vikaja mbele. Jua nalo lilikuwa limetoka, na nguo iliyotengenezwa izuie baridi ya bahari inafanya kazi yake hata Gesima. Jasho likajaa miguuni. Nikashika zipu nishuke nayo, na vile vidole vya glavu vilikuwa vinene kama ndizi, nikavuta vibaya, zipu ikala fulana. Ikakwama. Karani akajaribu, ikakwama zaidi. Macho yangu yakaanza kuona nukta nyeusi.

"Leteni kisu," Omwenga akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Mzee atakufa hapa."

Kisu kilikuwa kimeshafika kifuani Kemunto alipotokea mbio. "Msikate! Tata, baba yangu, wasikate! Kesho anapanda ndege, na asiyekuwa na hiyo nguo hapandishwi meli!"

Nyuma yake alikuwa Saidi. Akasimama mbali, macho chini, kwa sababu Kemunto alikuwa amemfundisha desturi zetu vizuri kuliko vijana wengi wa hapa.

"Baba," akasema, "nikikufungua nitakuona. Nisipokufungua utazimia. Niambie wewe."

"Na wakikata?"

"Wakikata, wenye meli watachukua mtu mwingine. Lakini wakate, kama ndivyo unavyotaka. Nguo si mtu."

Ninyi mngesema nini? Wangekata, aibu yangu ingekuwa ndogo, ningebaki nimefunikwa na vipande vya mpira, na yeye angerudi nyumbani kumtazama mke wake bila kazi. Nikasema, "Fungua, mwanangu."

Akina mama wakageuka. Saidi akafunga macho. Akasema kwenye mafunzo walifundishwa kuifungua gizani, na kweli, alipapasa, akapaka sabuni aliyoletewa na karani, akaitoa fulana kwa zipu pole pole kama mtu anayetoa mwiba. Zipu ikashuka. Mvuke ukatoka kama sufuria imefunuliwa. Akashika mabega akavuta, nami kwa lile jasho nikateleza nje mara moja kama mbegu ya parachichi, na kaptula ikabaki ndani ya nguo.

Watu wakapiga yowe. Saidi alidhani nimeanguka. Akafungua macho.

Tukaangaliana, mimi na mkwe wangu, katikati ya kituo cha majani. Yeye ndiye aliyelia. Mtu akanirushia gunia la majani nijifunike, na magunia yale ni wavu mtupu, kila kitu kinaonekana. Mwishowe Omwenga akavua koti lake refu akanivisha, akafunga vifungo vyote mwenyewe, polepole, mpaka cha mwisho. Halafu akashindwa kujizuia.

"Haya," akawaambia watu. "Sasa tumeona kilicho chini ya bahari."

Wakacheka mpaka karani akashikilia mizani. Hata mimi niliona imesemwa vizuri. Mimi mwenyewe nisingeisema vizuri hivyo, na hilo ndilo lililoniuma.

Saidi alipanda ndege, na nguo yake nzima. Wazee waliitwa, yaliyohitajika yakafanywa, lakini mpaka leo nikimsalimu ni kupitia Kemunto, naye anajibu kupitia Kemunto. Mafuta hayajapatikana. Bado wanasikiliza. Mimi funzo langu ni dogo: ukiwa hujui kitu, kieleze ukiwa umevaa suruali yako mwenyewe.

Siku hiyo watu walipokuwa bado wanacheka, mtu mmoja alisogea kwenye benchi akaniachia nafasi, akaipigapiga kwa mkono, akasema, "Omogaka, keti basi, utusimulie." Niliitazama ile nafasi. Nikakaza koti la Omwenga, nikapita mizani, nikapita lori la kiwanda lililokuwa linafika, nikashika njia ya kupanda. Majani yetu sasa anapeleka mke wangu. Mimi kituoni sijakanyaga tena.