Kopo la Maombi la Wifi Yangu

Wifi yangu haamini kwamba kitu kinaweza kuharibika kikafa. Kikivunjika, kwake kimebadilisha kazi tu. Mlango wa kabati uking'oka unakuwa meza ya kupigia pasi. Meza ikilemaa miguu inakuwa rafu. Rafu ikianza kuinama, hapo ndipo familia huanza kusali.

Ni mke wa kaka yangu, mama wa nyumbani, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa, na mwenye nyundo pekee katika nyumba ile. Kaka yangu hana nyundo. Kaka yangu ni karani wa bohari, ana kalamu tatu na mhuri. Ukimwambia bawaba ya mlango imelegea, atakuandikia vizuri sana kwamba imelegea.

Siku moja nilimuuliza wifi ufundi alijifunzia wapi.

"Yesu alikuwa seremala, wifi," akanijibu. "Mimi ni mfuasi."

"Na kupima mbao je, ulijifunza?"

"Macho ninayo."

Macho anayo kweli. Tepu ya kupimia ndiyo haipendi, anasema inamchelewesha.

Sasa, nyumba ile ina utaratibu wake wa kufunga mwaka. Siku ya mwisho ya Desemba, saa kumi jioni, kabla ya kwenda kanisani kwenye ibada ya kuaga mwaka, tunakaa sebuleni na kufungua kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, wifi akalivika kipande cha pazia na kutoboa mfuniko. Mwaka mzima, yeyote mwenye shukrani au ombi huandika kwenye kikaratasi, bila jina, akatumbukiza. Sheria ni moja, na ameitunga yeye: kopo halipokei malalamiko. Mwenye lalamiko aligeuze kuwa ombi.

Alidhani ametuziba midomo. Kumbe alitufundisha kulalamika kwa unyenyekevu, jambo ambalo ni baya zaidi.

Wanaotumbukiza ni watano. Yeye mwenyewe, kaka, mama yetu mzazi anayeishi nao, mimi ninayefika kila mwisho wa mwezi nikipata nafasi dukani, maana nauza dawa, na binti yao wa miaka kumi na mmoja. Binti tunamwita Kasuku. Hakuna neno lililowahi kuingia masikioni mwake au kupita machoni pake likakosa kutokea mdomoni. Kutokana naye wazazi wakawa Mama Kasuku na Baba Kasuku, na wamezoea.

Mambo ya mwaka huu yalianza mwezi wa kwanza, kwa fomu ya shule. Ilitaka habari za wazazi. Kaka akaijaza kwa mwandiko wake wa bohari. Kazi ya baba: Karani wa bohari, daraja la pili. Kazi ya mama: Hana.

Wifi aliiona alipokuwa anaiweka kwenye mkoba wa mtoto. Aliiweka tu, akafunga zipu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi niliukuta mshindo huo jikoni, anasugua sufuria iliyokuwa safi tangu asubuhi.

"Nimeamka saa kumi na moja," akaniambia. "Nimefua, nimepika, nimempeleka mama yako kliniki, nimeziba bomba la sinki lililokuwa linavuja. Halafu sina kazi."

"Kaka hakufikiri, wifi."

"Najua hakufikiri. Ndicho kinachoniuma. Angefikiri kwanza ndipo akaandika hivyo, ningegombana naye yakaisha."

Akaiweka sufuria chini.

"Sikiliza. Chakula wanakila kinakwisha, nguo wanazichafua. Mwaka huu nitatengeneza vitu vya kushikika. Siku ya kufungua kopo, nikikuta kikaratasi kimoja tu cha kushukuru kazi ya mikono yangu, yamekwisha. Nisipokuta, nyundo na msumeno vinakwenda kwenye mnada wa kanisa, na mwakani nakaa kwenye kochi kama mgeni. Na wewe usiwaambie. Wala usiniandikie wewe, maana shukrani ya kuomba haina utamu."

Nikaapa. Ningejua mwaka utakavyokuwa nisingeapa haraka hivyo.

Ilianza rafu ya sebuleni. Aliipigilia ukutani asubuhi, akapanga vitabu vya nyimbo upande wa kushoto. Hadi mchana vilikuwa vimehamia vyote upande wa kulia. Akasema nyumba ndiyo iliyoinama. Lakini niliporudi mwezi uliofuata, rafu ilikuwa imara, hata kuisukuma haitikisiki.

"Umeona?" akasema. "Mbao ikishazoea ukuta inatulia."

Ikafuata mito sita ya kochi, aliyoishona kwa mapazia ya zamani na kuijaza vipande vya sponji. Wiki ya kwanza ukiinuka kwenye kochi unaondoka na sponji mgongoni. Baadaye mishono ikakaza yenyewe. Wifi akausifu uzi.

Halafu kikaja kiti cha bluu. Kiti hicho nakijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu aliyekijaribu ni mimi. Nilipewa chai, nikakalishwa kwa heshima zote, na kiti kikaanza kunishusha. Hakikuniangusha, nisikisingizie. Kilinishusha taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine, na mimi na kikombe changu, mpaka nikawa sakafuni naangalia uvungu wa kochi.

"Wifi," akasema bila kuinuka, "umekaa vibaya."

Nilitembea kwa upande wiki mbili. Dukani wateja wakawa wananiuliza mimi dawa gani natumia. Lakini mwezi uliofuata nilikikuta kiti kimesimama wima kama askari wa gwaride, na wifi amekikalia anachambua mboga.

"Kilikuwa bado kinajifunza," akasema.

Kwa hiyo mwezi kwa mwezi alizidi kupata moyo. Kila alichotengeneza kilianza kwa aibu na kumalizia kwa heshima. Mwezi wa kumi akaung'oa mlango wa jiko, akaupaka rangi na kuurudisha, na kwa mara ya kwanza nilimsikia anaimba sauti ya kwanza. Nami nikaanza kujiuliza kama kweli Bwana hakumwachia karama.

Ikafika siku yenyewe. Wifi alikuwa tayari amevaa vazi lake la kwaya, alilolishona mwenyewe, akakaa juu ya kiti cha bluu, mikono mapajani. Mama alikaa kwenye kochi na Biblia yake. Kaka alikaa karibu na dirisha. Kasuku akapewa kopo, kwa kuwa macho yake ni mazima na sauti yake inavuka barabara.

Akachomoa cha kwanza.

"'Ee Mungu wa vizazi vyote, uliyemlinda mtumishi wako asiangukiwe na rafu alipokuwa anatafuta miwani, uzidi kumlinda, maana bado haijaanguka.'"

Mama akatazama dari. Wifi akainama mbele kidogo, kisha akarudi nyuma.

"'Bwana. Kiti cha bluu, kimoja. Hali: kinayumba. Inaombwa rehema kwa atakayekikalia.'"

Hapo hatukuhitaji jina. Hakuna mtu mwingine duniani anayemwandikia Mungu hivyo.

"'Yesu, naomba mama asinishonee sare ya shule. Kama ameshaanza, naomba kitambaa kipotee.'" Kasuku akakigeuza kikaratasi nyuma na mbele. "Sijui huyu ni nani."

Kikafuata changu, kilichoshukuru kwamba mfupa wa kiuno haukuvunjika. Kaka akacheka, mimi nikacheka, hata Mama akaziba mdomo kwa Biblia. Kisha nikamwangalia wifi na kicheko kikanikauka. Alikuwa anasikiliza kila kikaratasi kama mtu aliyekaa kliniki anasubiri kuitwa, na kila mara waliitwa wengine. Nilijiona mjinga. Ningeweza kuandika kitu, kiapo au bila kiapo.

Kasuku akakunjua kirefu kuliko vyote.

"'Bwana, naungama. Misumari minane na vyuma viwili vya pembe vimetumika kwenye rafu, siku ya Alhamisi, mwenye rafu akiwa mazoezi ya kwaya. Skrubu sita kwenye kiti cha bluu, Alhamisi nyingine. Nyundo ni ya mwenyewe, imeazimwa na kurudishwa mahali pake. Nisamehe, na asijue.'"

Kaka alitazama nje dirishani kama anayesubiri gari.

"Alhamisi," akasema wifi.

Akakitazama kiti alichokalia.

"Kumbe nikienda kuimba, huku nyuma mnanirekebisha. Na mito?"

Kasuku akamtazama Bibi yake. Bibi yake akafungua Biblia, na akaishika juu chini.

"Mito tulishona upya sisi," akasema Kasuku. "Bibi haoni tundu la sindano. Mimi nilitunga uzi, yeye akashona."

"Mama? Hata wewe?"

"Mwanangu, sponji nilikuwa naikuta kwenye chai."

Kikulacho ki nguoni mwako, na wifi alikuwa ameishi na wanaomla mwaka mzima akiwapikia. Aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na sanduku la bati lenye vifaa vyake. Akaliweka mlangoni.

"Tukienda kanisani tunalibeba. Mnada unapokea vitu."

"Mama Kasuku," kaka akaanza, "tulikuwa tunakusaidia."

"Kunisaidia ni kuniambia, Baba Kasuku. Mlichofanya ni kunihurumia. Nimetembea mwaka mzima najisifu mbele ya wifi yangu kwa misumari yako."

Hilo lilinichoma hata mimi, na misumari haikuwa yangu.

"Kimebaki kimoja," akasema Kasuku.

"Hicho kiache," wifi akasema haraka.

Lakini mtoto yule na kikaratasi kilichokunjwa huwezi kuwatenganisha. Alikuwa ameshakikunjua.

"'Bwana, kwenye fomu ya shule imeandikwa sina kazi. Naomba kabla ya mwaka kwisha mtu mmoja katika nyumba hii aone ninachofanya. Hata kama kimepinda.'"

Sauti ya Kasuku ilipungua kwenye maneno matatu ya mwisho, kitu ambacho sijawahi kukisikia. Mwandiko wa mama yake anaujua, ndio unaomwandikia majina kwenye madaftari.

Kaka akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Nafasi kwenye fomu ilikuwa ndogo," akasema.

"Nyamaza," akasema Mama. Miaka yote ya ndoa ile sijamsikia akimkemea mwanawe mbele ya mkewe.

Kaka akainuka. Akaenda kabatini, akatoa bahasha iliyokuja na ripoti ya Kasuku wiki mbili kabla. Ndani yake ilikuwemo fomu ya mwaka mpya, ile ile, ya kurudishwa shule zikifunguliwa. Akaketi mezani. Akajaribu kalamu zote tatu kwenye gazeti, akachagua moja, akaruka sehemu yake mwenyewe na kwenda moja kwa moja chini. Akaandika neno moja.

Mama akachungulia. "Fundi," akasoma, maana herufi zilikuwa kubwa. "Fundi wa nini?"

Kaka akainua macho. Akaitazama rafu. Akaitazama mito, na kiti, na mlango wa jiko, na pazia la kopo. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alivitazama vyote kwa pamoja bila kutafuta msumari uliolegea. Akarudi kwenye fomu. Nafasi kweli ilikuwa ndogo, kwa hilo hakusema uongo, lakini safari hii hakujali. Aliandika mpaka mwisho wa mstari, akapanda na ukingo wa karatasi, akaigeuza fomu ubavu na kuendelea. Kisha akampelekea mkewe kwa mikono miwili.

Kasuku tayari alikuwa begani kwa mama yake.

"'Kazi ya mama: Fundi wa nyumba nzima. Ana vibarua watatu na wifi mmoja wa kujaribia viti.'"

"Mimi sijasaini popote," nikasema.

Hakuna aliyenijali. Wifi aliisoma fomu, akaisoma tena. Machozi yakamtoka na hakuyaficha. Akainua mkono ayafute kwa vazi la kwaya, na mshono wa mkono ukaachia kuanzia kwapani hadi kwenye kiwiko.

Tulisikia wote. Mama alikuwa ameshachomoa sindano kwenye mfuko wake wa miwani, ameshaanza kuinuka, kwa mazoea. Halafu akasita, akaketi tena.

"Mwanangu," akasema, "nishone?"

Wifi akamnyooshea mama mkwe wake mkono ule.

"Shona, Mama. Kasuku, mtungie Bibi uzi." Akamgeukia kaka. "Na wewe Alhamisi usipange safari. Mlango wa jiko umeanza kushuka, nimeuona tangu juzi. Uje na vyuma vyako vya pembe, na nitapigilia mimi. Wewe utashika."

"Sawa, fundi," akasema kaka.

Akaenda mlangoni, akalibeba lile sanduku la vifaa, akalipeleka chumbani. Hakuuliza liwekwe wapi. Nilimsikia akilisukuma chini ya kitanda, upande wa ukutani, nyuma ya viatu, mahali pake anapopajua.